Ukiumia Kazini: Fidia Ipo, Lakini Inakufikia?

Swali hili halikosi kwenye vikundi vyetu. Kijana wa jirani amekatwa vidole na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, au baba wa watoto ameangukiwa na mawe kwenye machimbo. Mwajiri amelipa hospitali siku ya kwanza, akatoa elfu mbili za pole, kisha akanyamaza. Kikundi kinachanga. Baada ya miezi kadhaa mtu mmoja anauliza: kwani hakuna sheria?

Sheria ipo. Ni sheria ya mwaka 2007 ya kuwalipa fidia wanaoumia kazini, na kila mahali, kuanzia kwa wakili hadi kwa mnyapara, watu huiita WIBA. Nasi tutaiita hivyo. Ilianza kutumika Juni 2008. Hapa tunataka kueleza inavyofanya kazi, na zaidi ya hapo tuone kama kweli inafanya kazi, maana kutoka kwa sheria iliyoandikwa Nairobi mpaka pesa mkononi mwa mjane kijijini ni safari ndefu.

Mapatano yaliyo ndani ya sheria hii

Kabla ya WIBA kulikuwa na sheria nyingine, Sura ya 236, iliyotungwa wakati wa ukoloni. Chini yake mfanyakazi aliyeumia alikuwa na milango miwili. Angeweza kwenda afisi ya leba akafanyiwa hesabu ya fidia, au angeweza kumshtaki mwajiri mahakamani. Huko mahakamani ilimbidi aonyeshe kwamba mwajiri alikuwa na makosa: mashine haikuwa na kinga, hakupewa glavu, ngazi ilikuwa imeoza. Akishinda, mara nyingi alipata pesa nyingi kuliko za leba. Akishindwa, alirudi nyumbani na mkono wake mmoja, na pengine akadaiwa gharama za kesi juu yake. Hata aliyeshinda alikuwa na wakili wa kugawana naye.

WIBA ilileta mapatano mapya. Kwa kifungu cha 16, mfanyakazi hawezi tena kumshtaki mwajiri wake mahakamani akidai fidia ya ajali ya kazini. Kwa upande mwingine, hahitaji kuonyesha kosa la mtu yeyote. Inatosha kwamba aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi ile. Hata akiwa yeye mwenyewe hakuwa makini, analipwa. Anayekosa ni yule aliyejiumiza kwa ukaidi wa makusudi, na hata huyo, kama ajali imemlemaza vibaya au imemuua, sheria haimtupi wala haiwatupi watoto wake. Mfanyakazi anayebebwa kwenda au kutoka kazini kwa gari ambalo mwajiri ametenga kwa shughuli hiyo, akiumia njiani anahesabiwa kwamba ameumia kazini.

Yaangalie mapatano haya vizuri. Ni kama mtu kuuza ng'ombe wake hapo boma kwa bei ya chini badala ya kumpeleka soko la mbali. Bei ni ndogo, lakini pesa ni za leo, na hakuna hatari ya kurudi mikono mitupu. Sasa kama mnunuzi amechukua ng'ombe na pesa za leo hazionekani, ni biashara gani hiyo? Hicho ndicho kipimo tutakachotumia kuipima WIBA. Mfanyakazi alinyang'anywa mlango wa mahakama ili alipwe haraka na bila mabishano. Je, analipwa haraka?

Nani analipwa, na kiasi gani

Tuanze na matibabu. Mwajiri ndiye anayebeba gharama zinazofaa za hospitali, upasuaji, dawa, nauli ya kumpeleka mgonjwa, hata mguu wa bandia kama umehitajika. Hii si hisani ya mwajiri, ni wajibu. Kadi ya bima ya afya ya mfanyakazi mwenyewe haimwondolei mwajiri mzigo huo, kwa hiyo mtu asiambiwe "tumia SHA yako" mambo yakaishia hapo. Weka kila risiti, hata ya panadol.

Pili ni mshahara wa wakati wa kuuguza. Mtu akishindwa kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi, anastahili malipo ya vipindi yanayolingana na mapato yake, na malipo hayo yanaweza kuendelea mpaka miezi 12. Hapa ndipo wengi wanapopunjwa bila kujua. Wanaambiwa "pumzika, ukipona utarudi," na siku zote hizo nyumbani hakuna unga.

Tatu ni ulemavu wa kudumu. Hesabu yake si ngumu, na kila mwanakikundi anaweza kuifanya kwa kalamu. Unachukua mapato ya mwezi mmoja, unazidisha kwa 96, yaani miezi ya miaka 8. Halafu unatafuta asilimia ya ulemavu ambayo daktari ameandika. Sheria ina jedwali lake: aliyepoteza mikono yote miwili, au macho yote mawili, ni asilimia 100, na majeraha mengine yanashuka kutoka hapo hadi kidole kimoja. Tuchukue kibarua wa shilingi 500 kwa siku anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi. Mapato yake ni 13,000. Mara 96 inakuwa shilingi 1,248,000. Daktari akiandika asilimia 30, fidia ni shilingi 374,400. Sheria imempa waziri uwezo wa kuweka kiwango cha chini na cha juu, lakini msingi wa hesabu ni huo.

Tafadhali isome tena hiyo hesabu ukikumbuka zile elfu mbili za pole.

Nne ni kifo. Hapo hesabu ni ile miezi 96 yote, pamoja na gharama za mazishi zinazofaa, na pesa zinaenda kwa waliokuwa wakimtegemea marehemu: mjane au mgane, watoto, na kama hawapo, wengine kama wazazi. Kwa kawaida afisi huomba barua ya chifu inayowataja wategemezi. Barua hiyo imezua ugomvi mwingi. Ndugu wa marehemu wanaweza kwenda kwa chifu kabla ya mjane hajamaliza siku za matanga, na jina la mjane likakosekana, hasa kama ndoa ilikuwa ya kienyeji bila cheti. Akina mama wa kikundi wanaweza kumsaidia mwenzao sana wakimsindikiza kwa chifu mapema, na mashahidi wa mahari wakiwepo.

Kuna pia magonjwa ya kazi, ambayo sheria inayahesabu pamoja na ajali. Mchimba mawe aliyeharibika mapafu kwa vumbi ni mfano unaojulikana. Shida ya ugonjwa ni kwamba unaingia polepole, na mwajiri wa leo atasema uliutoa kwa mwajiri wa jana. Daktari anapokuuliza umefanya kazi wapi, mweleze kila mahali na miaka yake, aandike.

Miaka kumi ya kuvutana

Sheria ilikuwa haijamaliza hata mwaka mmoja ilipokwama. Chama cha Mawakili kilikwenda mahakamani kikisema kwamba vifungu kadhaa, pamoja na hicho cha kumfungia mfanyakazi mlango wa mahakama, vinapingana na Katiba. Machi 2009 Mahakama Kuu ilikubaliana nao, ikavifuta. Serikali ilikata rufaa, na rufaa ikalala. Katiba mpya ya 2010 ikaja, kesi bado. Novemba 2017 Mahakama ya Rufaa ndipo ilipoamua kwamba vifungu vingi vilikuwa sawa, isipokuwa vichache. Mawakili wakapanda mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 3 Desemba 2019 mahakama hiyo ikafunga mjadala: WIBA inasimama, na anayeumia kazini aanzie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini.

Katika miaka hiyo yote maelfu ya watu walikuwa wakiendelea kuumia. Wengine walipeleka kesi kwa mahakimu, wengine kwa leba, wengine kote kuwili. Baada ya uamuzi wa 2019, mawakili wa waajiri walianza kusimama mbele ya mahakimu na kusema: kesi hii haipaswi kuwa hapa. Kesi nyingine zikatupwa, na mtu aliyengoja miaka mitano akaambiwa aanze upya kwenye afisi ambayo muda wake ulikuwa umeshapita. Mpaka mwaka 2023 ndipo Jaji Mkuu alipotoa mwongozo kwamba kesi zilizofunguliwa kabla ya ule uamuzi wa Desemba 2019 ziendelee hadi mwisho huko ziliko.

Kwa hiyo, mwenye kesi ya zamani asikate tamaa kwa kusikia tu kwamba "WIBA imefuta kesi". Amuulize wakili wake kesi ilifunguliwa tarehe gani. Lakini aliyeumia sasa, njia yake ni moja tu, nayo haipiti kwa hakimu.

Kovu moja la miaka ile bado liko. Watu walizoea kusikia kwamba kesi ya kuumia ina miaka mitatu. Hiyo ilikuwa kweli kwa kesi za mahakamani. Chini ya WIBA dai la fidia linapaswa kupelekwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo. Ukichelewa, dai linaweza kukataliwa, isipokuwa kama ajali yenyewe ilikuwa imeripotiwa kama sheria inavyotaka. Mtu akikungojesha kwa ahadi tamu miezi 13, huenda amekumaliza.

Pale mnyororo unapokatika

Kwenye karatasi, mambo yanatakiwa kwenda hivi. Mfanyakazi anamjulisha mwajiri. Mwajiri anamjulisha Mkurugenzi: ndani ya saa 24 ikiwa mtu amekufa, ndani ya siku 7 kwa ajali nyingine. Fomu ya ajali inajazwa, sehemu moja na mwajiri na sehemu nyingine na daktari. Mkurugenzi anachunguza, anakadiria fidia, na kumwandikia mwajiri au kampuni ya bima. Hao wana siku 90 za kulipa. Pesa zikifika kwa Mkurugenzi, naye ana siku 30 za kumpa mwenyewe. Ukihesabu yote, ni miezi michache. Mahakamani ingekuwa miaka.

Na ni haki kusema kwamba kuna mahali mambo huenda hivyo. Kampuni kubwa yenye afisa wa wafanyakazi, chama cha wafanyakazi kilicho macho, na bima iliyolipiwa, hujaza fomu bila kelele. Mfanyakazi wa namna hiyo ameifaidi WIBA kuliko alivyofaidi sheria ya zamani, hilo tusilikane. Shida iko kwingine.

Kiungo cha kwanza kukatika ni ripoti. Sheria inamtegemea mwajiri ajitangaze mwenyewe. Mwenye kiwanda kidogo cha mbao, ambaye hajasajili hata jengo lake, ataanzaje kuiandikia serikali kwamba msumeno wake umekata mtu? Anaona ni afadhali amalizane naye kimyakimya. Na sehemu ya fomu inayojazwa na mwajiri ikikosa sahihi, mfanyakazi anadhani mambo yameisha. Hayajaisha. Sheria inaruhusu taarifa itolewe na mfanyakazi mwenyewe au mtu kwa niaba yake, na nakala ipelekwe kwa Mkurugenzi. Kwa hiyo mwajiri akikataa kuandika, nenda wewe, au mtume ndugu. Afisi za usalama kazini si nyingi kama za chifu, na mtu wa kijijini anaweza kulazimika kupanda magari mawili. Ndiyo maana nauli ya safari hiyo ni jambo ambalo kikundi kinaweza kuchangia kwa manufaa kuliko kuchangia unga wa wiki moja.

Kiungo cha pili ni asilimia. Daktari mmoja anaandika 10, mwingine 25, kwa mkono ule ule. Tofauti hiyo, kwa yule kibarua wetu wa 13,000, ni shilingi 187,200. Mtu asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kupeleka pingamizi kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi anapaswa kujibu ndani ya siku 14, na asiyeridhika na jibu hilo ana siku 30 za kwenda mahakama ya uajiri na kazi. Nafasi hii ni ya mfanyakazi, lakini ni ya mwajiri na bima pia, nao wana mawakili wanaojua kuhesabu siku. Mfanyakazi aliyelala hospitalini hazihesabu.

Kiungo cha tatu, na ndicho kibaya zaidi, ni malipo yenyewe. Mkurugenzi hana sanduku la pesa. Anakadiria, anaandika barua, basi. Mwajiri akikaa kimya baada ya siku 90, mfanyakazi ana barua nzuri yenye muhuri na tarakimu, lakini barua hainunui unga. Sheria haikueleza vizuri jinsi ya kuigeuza barua ile iwe amri ambayo dalali wa mahakama anaweza kuitekeleza. Watu walikwenda mahakama ya kazi kuomba isimamie makadirio ya Mkurugenzi, na kwa miaka kadhaa majaji walitofautiana: mmoja alikubali, mwingine alisema sheria haijampa uwezo huo. Kwa mtu aliyeambiwa kwamba mlango wa mahakama umefungwa ili alipwe haraka, hayo ni machungu.

Majirani zetu walichagua njia nyingine. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kukusanya michango Julai 2015. Kila mwajiri anachangia sehemu ndogo ya mishahara anayolipa, na mtu akiumia, mfuko ndio unaolipa. Mwajiri akifilisika au akitoroka, sanduku bado lipo. Mfuko wa umma una hatari zake, tumeona mifuko ikiliwa, hatuhitaji kufundishwa. Lakini tofauti ni kubwa: kule mfanyakazi anadai sanduku, huku anadai mtu.

Kwetu, WIBA iliandikwa ikimtaka mwajiri akate bima kwa kampuni ya bima ya biashara. Bei hukadiriwa kwa kuangalia jumla ya mishahara ya mwaka na hatari ya kazi, kwa hiyo karani ni rahisi na mchimba mawe ni ghali. Mnaona matokeo yake: mwenye kazi ya hatari zaidi ndiye mwenye sababu zaidi ya kukwepa. Wengine huandikisha watu 10 na kuajiri 40. Asiye na bima hajaponyoka lakini, deni ni lake mwenyewe, awe na pesa au auze lori.

Kibarua asiye na karatasi

Takwimu za serikali zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba, ukiacha mashamba madogo, zaidi ya watu 8 kati ya 10 wanaofanya kazi nchini wako jua kali na kazi nyingine zisizo rasmi. Hao ndio wengi wa wasomaji wetu na watoto wao. WIBA inawahusu?

Jibu ni ndiyo na hapana. Aliyeajiriwa kwa mshahara ni mfanyakazi, hata kama mapatano yalikuwa ya mdomo, hata kama analipwa kila jioni, hata kama ni mwanagenzi anayejifunza kazi. Karatasi ya kuajiriwa si lazima. Kinachohitajika ni kuthibitisha kwamba kweli ulikuwa ukimfanyia kazi yule bwana. Siku hizi ushahidi uko mfukoni: ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha akikutumia 3,500 kila Jumamosi ni ushahidi mzuri kuliko kelele. Simu zilizopigwa, picha mkiwa kazini, wenzako waliokuona ukianguka, daftari la mnyapara ukiweza kulipiga picha. Hospitali nayo: mwambie daktari aandike kwamba uliumia kazini na wapi. Wengi huandikiwa "alianguka" tu, na neno hilo moja huja kuwatesa.

Upande wa hapana ni huu. Mwenye bodaboda yake mwenyewe, mama anayeuza mboga, fundi aliyechukua kazi kwa mkataba wa bei moja na kuleta vijana wake, hawa hawana mwajiri wa kudai. Lakini wale vijana wa fundi wanaye, naye ni fundi. Na kama aliyekuumiza si mwajiri wako, mathalani dereva wa lori la mtu mwingine aliyekugonga ukiwa kazini, WIBA haikufungii njia ya kumshtaki dereva huyo na mwenye lori.

Na kikundi chenu je?

Hapa tutasema jambo ambalo vikundi vingi havipendi kulisikia. Mkichimba kisima mkamwajiri kijana kwa 600 kwa siku, kikundi ni mwajiri. Mkijenga ghala la nafaka kwa pesa za wafadhili, mkaandika vibarua 8, kikundi ni mwajiri. Mkiendesha kinu cha posho na mkamlipa mtu wa kukiwasha asubuhi, vivyo hivyo. Ukanda wa kinu ukimvuta mkono, dai halitakwenda kwa mfadhili wala kwa kanisa lililowapa uwanja. Litakuja kwenu, na viongozi waliotia sahihi ndio watakaotafutwa kwanza. Shilingi 374,400 kwa kikundi cha watu 25 ni karibu 15,000 kwa kila mmoja. Kuna vikundi ambavyo vingevunjika siku hiyo hiyo.

Kazi ya wanachama wenyewe, ile ya kusaidiana bila mshahara, ni jambo tofauti, kwa maana hapo hakuna aliyeajiriwa. Lakini vikundi huchanganya: mwanachama anakuja na jembe kama mwenzetu Jumatatu, na Alhamisi analipwa kama kibarua. Amueni mapema na muandike kwenye daftari la mikutano ni siku zipi mtu yuko kwa kujitolea na zipi kwa malipo.

Kama mradi una kazi ya hatari, ulizeni bei ya bima ya WIBA kwa muda wa kazi tu, si lazima kwa miaka yote. Ulizeni kwa kampuni mbili au tatu. Andikeni gharama hiyo kwenye bajeti mnayompelekea mfadhili, pamoja na saruji na mbao. Mfadhili mzoefu hatashangaa. Na kama kazi mmempa fundi mwenye vijana wake, mwombeni awaonyeshe hati ya bima yake kabla hamjampa malipo ya kwanza, kwa kuwa baada ya hapo hatakuwa na haraka.

Bima haifungi shimo lililo wazi, hata hivyo. Kisima chenye kuta laini kinahitaji kuzuiwa kuta, ukanda wa kinu unahitaji kifuniko, na mtu anayeshuka chini anahitaji kamba na wawili wa kumvuta. Kwenye kisima kirefu hewa nayo huua: anayefuata kumwokoa wa kwanza mara nyingi naye hubaki chini. Msimshushe mtu bila kujua hali ya hewa iliyoko.

Siku ya ajali yenyewe

Mtu akiumia, kwanza ni hospitali, hilo halina mjadala. Siku hiyo hiyo au kesho yake, mwajiri ajulishwe, na ajulishwe kwa njia inayobaki: ujumbe wa simu unatosha kama una tarehe, mahali, na kilichotokea. Ndugu mmoja aende afisi ya usalama na afya kazini iliyo karibu, au aanzie kwa afisa wa leba aelekezwe. Aombe fomu ya ajali na aulize jina la afisa anayeishughulikia. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa, hasa ile ya "nimepokea na sina dai lingine". Pesa za pole si fidia, na makadirio ni kazi ya Mkurugenzi, si ya mwajiri. Kwa hatua hii wakili si lazima. Anayekuja hospitalini bila kuitwa, na fomu mkononi, akitaka sahihi yako, mwambie utamtafuta.

Barua ya makadirio ikitoka, andika tarehe uliyoipokea juu ya barua yenyewe. Siku 60 za pingamizi na siku 90 za malipo ndizo zitakazokuongoza. Zikipita bila malipo, rudi kwa afisa na nakala, kisha hapo ndipo wakili au shirika la msaada wa kisheria linafaa.

Kwenye mkutano wenu ujao, kabla ya kusoma hesabu za mwezi, katibu aulize swali moja: ni nani hapa, au ni nani nyumbani kwake, aliyeumia akifanya kazi ya mtu katika miezi 12 iliyopita? Aandike majina na tarehe. Mwenye miezi 10 au 11 asingoje mkutano mwingine.